Mfalme wa Chumba cha Kulia

Siku tuliyomuaga Elaine, mwanawe alisimama mbele ya watu akasema kwamba mama yake, katika miezi yake ya mwisho, alikuwa mkali kuhusu jambo moja tu. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumbani mwake, awe daktari au mjukuu, bila kusimama mlangoni na kusema neno la Kijapani alilolirithi kwa baba yake. Kisha akalitamka neno lenyewe, taratibu, kama mtu anayeshika kikombe cha thamani: hodi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma katika ukumbi huo wa Saint Paul, sahani ya karatasi mapajani, na ilinibidi nizibe mdomo kwa leso. Mama aliyekaa kando yangu akanipapasa bega akidhani nalia. Nilikuwa nacheka, na nilicheka hadi kilio chenyewe kikaja. Baadaye kijana alipita akisalimia wageni, akaniuliza niliifahamu vipi familia yao. Nikamwambia nilimtunza babu yake mwaka mmoja, zamani, wakati yeye alikuwa bado anabebwa. Kuhusu lile neno sikumwambia kitu. Limekaa kwao miaka mingi, na nadhani ni lao sasa.

Hiyo ilikuwa wakati wa joto. Tangu hapo nimeteleza kwenye barafu mbele ya nyumba yangu hapa Apple Valley, nikavunjika nyonga, na kwa kuwa siwezi kupanda ngazi, wanangu Sharon na Dennis wamenitandikia kitanda katika chumba cha kulia chakula. Meza imepelekwa gereji. Chumba hiki hakina mlango, kwa hiyo Dennis ametundika pazia, na pazia hilo halimzuii mtu yeyote. Anayetaka maji kwenye friji hupitia kwangu. Anayekwenda kuchukua nguo kwenye mashine hupitia kwangu. Fundi wa tanuri la kupasha nyumba joto alipitia kwangu juzi na viatu vyake, akanipungia mkono nikiwa nimevaa gauni la kulalia. Wote wananipenda, hilo sina shaka nalo. Lakini nimelala hapa nikimkumbuka Profesa, baba yake Elaine, na mfalme wake kila siku, na kwa mara ya kwanza nadhani naelewa mwaka ule ulihusu nini.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa naishi Hopkins, katika fleti ya vyumba viwili kwenye jengo la zamani la matofali, pamoja na Mama Brian, mwanamke wa kwetu Kisii aliyenitangulia kuja na kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa mama yangu, shangazi yangu na bosi wangu. Fleti ilinuka kitunguu na mafuta ya kupaka. Sebuleni kulikuwa na kochi la rangi ya kahawia ambalo kila Mkenya aliyefika Minnesota mwaka ule alililalia angalau usiku mmoja. Mama Brian ndiye aliyenitafutia kazi ya kumtunza mzee mmoja Mjapani huko Saint Paul, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, mjane, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsaliti na mikono ilikuwa inatetemeka. "Ni kazi rahisi," aliniambia akikoroga ugali. "Mzee ni mpole. Mwenye maneno ni msichana wake. Wewe msikilize huyo msichana, ndiye anaku-sign karatasi za masaa. Mzee mpe chakula, mpe dawa, basi. Usianze stori zako."

Nyumba ilikuwa ya mbao, ndefu na nyembamba, yenye baraza la mbele lililojaa viatu vya theluji vya watu ambao hawakuishi tena pale. Profesa alikuwa amehamishiwa chumba cha kulia. Upande mmoja kulikuwa na jiko, upande wa pili bafu, na kati ya jiko na chumba chake palikuwa na upenyo mpana uliozibwa na pazia la kijani. Vitabu vilikuwa vimepangwa hadi dirishani, vingine vikiwa chini ya kitanda, na palikuwa na harufu ya karatasi kuukuu na ya tunda moja chachu lililotiwa chumvi, ambalo alilila kila asubuhi juu ya uji wa wali. Siku yangu ya kwanza Elaine alinionyesha kila kitu kwa haraka, hali anavaa koti. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mwenye funguo nyingi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alipita katikati ya chumba cha baba yake akiongea nami, akafungua dirisha, akazima redio, akainua blanketi kuona soksi, akatoka upande wa pili. Mzee hakuguswa na lolote, na hata kichwa hakugeuza.

Elaine alipoondoka nilipasha uji, nikaubeba hadi kwenye pazia, nikasema hodi. Sikukusudia kitu. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya chumba cha mzee nisiyemjua, na mdomo wangu haukujua njia nyingine ya kuingia. Kimya. Nikarudia. Ndipo sauti ikauliza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, "Unasema nini?" Nikamweleza kutoka nje ya pazia, bakuli likiniunguza vidole: ni salamu ya mlangoni, unasema hodi, mwenyewe anasema karibu, ndipo unaingia. Akauliza, "Na mwenyewe asiposema?" Nikamwambia unabisha mara tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka. Kisha akaniuliza neno lile lingine lilikuwa lipi, nikamwambia, akalijaribu mara mbili kwa sauti ya chini. "Karibu," akasema mwishowe, na nikaingia na uji ambao ulikuwa umeshaanza kupoa.

Profesa alikuwa ametumia maisha yake yote kumwandika mtu mmoja, mfalme wa Japani wa karne za kati, aliyekalia kiti cha enzi wakati nchi ikitawaliwa na wanajeshi. Alinisimulia habari zake kidogo kidogo, nikimkata kucha au nikimkanda miguu, na kwa kuwa sikuwa na redio nyingine nilimsikiliza. Jemadari mkuu ndiye aliyekuwa na majeshi na mashamba, na chini yake makamanda wengine waliokuwa wakichinjana mji mzima ukiungua. Mfalme alikuwa na jumba linalovuja. Kuta zake zilikuwa zimebomoka, watu wa mji wakikatiza uani kwake kwenda shughuli zao, watoto wakichezea udongo karibu na ngazi zake. Alingoja miaka na miaka kabla ya kufanyiwa sherehe ya kutawazwa, maana hazina ilikuwa tupu. Watu waliacha maombi kwake, naye akawaandikia mistari ya mashairi kwa mkono wake mzuri, kwa malipo kidogo, wakaja kuichukua kama unavyochukua nguo kwa dobi. Tauni ilipoingia, alikaa akanakili maandiko ya dini yake kwa mkono, akayapeleka mikoani, akaandika mwishoni kwamba yeye ni mzazi wa watu hawa na anaona uchungu kwamba wema wake hauwafikii. Hapo Profesa aliacha kuongea, nami nikaona machoni mwake kitu ambacho hakikuwa cha historia.

Nilimuuliza mfalme huyo aliitwa nani. Akaniambia jina analojulikana nalo vitabuni alipewa baada ya kufa. Enzi za uhai wake hakuna aliyethubutu kumtaja kwa jina. Nikamwambia hilo si ajabu, hata yeye sijawahi kumtaja kwa jina, wala sitamtaja, kwa sababu ni mzee. Alifurahi sana. Nilipomsimulia Mama Brian habari za mfalme huyo jioni, alicheka akiwa anamenya viazi. "Huyo ni mwenyekiti wetu wa heshima kabisa," akasema. "Si unamjua? Kamati imeshaamua kila kitu kwa simu, halafu anaitwa mbele kukata keki. Akikataa kukata keki, watu wataenda wapi?" Nilimpelekea Profesa swali hilo kama lilivyo. Akaniambia hilo ndilo swali lake la miaka yote. Makamanda walikuwa na panga zote, na mfalme hakuwa na hata mlinzi wa maana. Walichokitaka walikichukua. Lakini kila walipotaka cheo au waraka wa kuhalalisha vita vyao, walikwenda kupiga magoti mbele ya pazia la mtu maskini, wakasubiri aseme ndiyo. Wangeweza kumfuta kwa asubuhi moja, na hawakumfuta. Alikuwa amesoma kila kilichoandikwa juu ya jambo hilo, na hakuna jibu hata moja lililomtosha.

Mfalme alibakiwa na haki nyingine ndogo, kuipa miaka jina. Kukiwa na moto, tetemeko au vita, jina la enzi lilibadilishwa ili nchi ianze upya. Profesa akaanza kutupa sisi pia enzi zetu. Bomba lilipoganda, tukaingia Enzi ya Bomba. Nilipomletea chai ya maziwa kwa mara ya kwanza, akatangaza Enzi ya Majani Makavu, ikadumu hadi Krismasi. Huu ndio utani tuliokuwa nao, na ulinifaa, kwa sababu majira yale ya baridi yalikuwa yangu ya kwanza na niliamini nitakufa. Nilipanda basi kutoka Hopkins kukiwa na giza, nikabadilisha basi mjini nikiwa sihisi uso wangu, nikafika pale nikisema hodi kwa midomo iliyokufa ganzi, na kutoka nyuma ya pazia nikasikia karibu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akinikaribisha popote. Sasa naona hilo lilikuwa na uzito wake.

Mgogoro ulianza siku Profesa alipoamua kutosema karibu. Nilibeba chakula cha mchana, nikasema hodi, akanyamaza. Nilimsikia akigeuza ukurasa, kwa hiyo nilijua yuko macho na ni mzima. Nikasema tena, na tena. Kisha nikafanya kile nilichomwambia kinafanywa, nikarudi jikoni nikaketi. Nilifikiri ana siku yake mbaya, na mzee ana haki ya kuwa na siku mbaya. Elaine akaingia akakuta supu imetanda utando, dawa za mchana ziko kwenye kikombe, nami nimekaa nikifuma uzi. "Kwa nini hajala?" Nikamwambia hakunikaribisha. Alinitazama kama mtu aliyesikia bomba likipasuka ukutani. "Angekuwa ameanguka? Angekuwa amekufa humo ndani, ungekaa hapa ukingoja akukaribishe?" Nilianza kumwambia kwamba nilisikia ukurasa, lakini alikuwa ameshapita kwenye pazia. Nikamsikia akimwinua, akimfunga kitambaa shingoni, akimlisha. Wakati ule nilimchukia Elaine kwa moyo wote. Leo, nikijua jinsi Sharon anavyonisikiliza nikipumua kutoka chumba cha juu anakolala siku hizi, siwezi kusema kwamba alikosea.

Mashine ya kufulia ilikuwa chini kwenye besimenti, na tundu la hewa ya joto lilileta sauti za jikoni huko kana kwamba wasemaji wako kando yako. Hapo ndipo niliposikia Elaine akiongea na mume wake kwa simu. Nafasi ilikuwa imepatikana kwenye makao ya wazee upande wa magharibi wa mji. Nyumba ingeuzwa. Mama wa ustawi wa jamii angekuja kumsikia mzee mwenyewe akikubali, kwa sababu akili zake zilikuwa timamu na hakuna mtu angeweza kukubali kwa niaba yake. "Baba hatapinga," Elaine alisema. "Hajawahi kupinga kitu tangu Mama afe. Atalitazama tu dirisha, basi, tutakuwa tumemaliza." Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa analia, kilio cha mtu anayejizuia asisikike, na maji yakafunguliwa kwenye sinki kukificha. Nilisimama na mashuka ya moto mikononi, sijui nimwonee nani huruma.

Mama huyo wa ustawi wa jamii alikuja mchana mmoja wa Februari, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa chumbani. Elaine alisimama kando ya vitabu. Mimi nilikuwa jikoni nikitengeneza chai, na pazia lilikuwa limesogezwa. Yule mama alieleza kila kitu vizuri, kisha akauliza, "Je, unakubali kuhamia huko?" Profesa alitazama dirisha. Nje, theluji ilikuwa imefika kwenye mkono wa kiti cha bustani. Kimya kilikaa. "Baba hana neno," akasema Elaine. "Akinyamaza ndivyo anavyokubali. Ndivyo alivyo." Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya vitu vyake. Nami nikiwa nimesimama pale na sinia, nikasikia sauti yangu ikisema: "Bado hajasema karibu."

Wote waligeuka. Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. Nikawaambia kwamba kwetu mtu akinyamaza ndani, mgeni haingii. Kimya si ndiyo, ni mlango ambao haujafunguliwa. Profesa akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi, na nikaweka sinia chini ili nimshike mgongo. Yule mama akasema ni kweli, hawezi kusema mzee amekubali wakati hajamsikia akikubali, na kwamba atarudi wakati mwingine. Elaine alitoka hadi kwenye gari bila koti. Nilimwona kupitia dirishani ameweka paji la uso kwenye usukani, injini imezimwa, kioo kikianza kuingia ukungu. Profesa naye alimwona. Aliacha kucheka, na hakuigusa chai yake.

Mama Brian alikuwa amepata habari kabla sijafika nyumbani, maana Elaine alimpigia. "Kerubo, wewe ni caregiver ama ni wakili?" aliniuliza kabla sijavua viatu. "Mimi nimesimama nikasema huyu ni mtu wangu, ana tabia. Sasa unaingilia mambo ya baba na mtoto? Unajua huyo msichana ana-drive kila siku kutoka huko kwao, anaosha huyo mzee, ana mtoto mdogo, ana kazi? Wewe ukitoka hapo saa kumi jioni umetoka. Yeye hatoki." Nikamjibu kwamba mzee ni mtu, si gunia la kuhamishwa. "Ndiyo ni mtu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Hata msichana ni mtu." Elaine hakunifukuza, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumfundisha mwingine. Lakini kwa wiki kadhaa alipita mbele yangu kama ninavyopitwa mimi sasa.

Na mzee akawa anaisha. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba nilikuwa nimemtetea abaki mahali ambapo hakuweza tena kubaki. Alianguka bafuni, nikashindwa kumwinua, nikakaa naye sakafuni nimemfunika taulo hadi jirani akaja. Alikuwa mwepesi na mwenye baridi, na alinishika mkono akasema tumeingia Enzi ya Sakafu, lakini hakuna aliyecheka. Nilipomrudisha kitandani nilimwambia ukweli, kwamba naogopa, kwamba labda Elaine ana haki. "Ana haki kabisa," akasema. "Nimejua tangu vuli. Nitakwenda." Nikamuuliza basi kwa nini hakusema siku ile. "Kwa sababu sijaulizwa. Yule mama aliniuliza, ndiyo, lakini yeye ni mjumbe tu. Elaine ananiarifu. Ananiarifu nakula nini, nalala saa ngapi, nyumba yangu inauzwa kwa nani. Sina kitu kingine kilichobaki, Kerubo. Miguu imekwenda, mikono imekwenda, kitabu hakitaisha. Nina 'ndiyo' yangu hiyo moja. Sitaki kuinyima. Nataka mtu aje kuiomba." Nikamwambia amwambie binti yake hivyo. Akafumba macho, akasema mfalme hawezi kwenda kuomba aombwe.

Sikumpelekea Elaine maneno hayo. Nilitaka, na mara mbili nilifungua mdomo jikoni, lakini nilikumbuka kuitwa wakili. Kwa hiyo sijui alijuaje. Labda ni kwa sababu kila siku kwa miezi alikuwa akinisikia mimi, mtu wa kuajiriwa, nikisimama nje ya chumba ambacho yeye alikipita kama korido. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimeinamia sufuria ya uji, akaingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu vyake vya theluji, akatembea na soksi hadi kwenye pazia. Akasimama. Nikamwona mgongo wake, koti bado limefungwa vifungo. "Hodi," akasema. Alilitamka vibaya, kama mtu anayeonja kitu cha moto.

Ndani kimya. Niliacha kukoroga. "Hodi," akasema tena, na Profesa hakujibu, na nilitaka nimpigie kelele yule mzee mkaidi kwamba huyu ni mtoto wake na amechoka. Elaine alishika pazia kwa vidole viwili bila kulivuta. Mara ya tatu sauti yake haikutoka vizuri. Akangoja. Kisha akaachia pazia, akageuka kuja jikoni, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeachwa shuleni wenzake wote wakiwa wamechukuliwa. Hapo ndipo nikasikia, pole pole, kutoka nyuma yake: "Karibu."

Nilitoka nikaenda kusimama barazani kwenye baridi kwa sababu hayo hayakuwa yangu ya kusikiliza. Lakini ukuta ulikuwa wa mbao. Nilimsikia akisema, "Baba, siwezi tena. Nimejaribu, siwezi. Tafadhali, utakubali kwenda?" Kisha Profesa akasema atakwenda theluji ikiisha, si kabla, na kwamba angependa vitabu vya dirishani viende pamoja naye. Elaine akasema ndiyo. Niliporudi ndani alikuwa amekaa kitandani kando ya baba yake, wote wawili wakitazama dirisha, na uji ulikuwa umeungua.

Theluji ilichelewa kuisha mwaka ule, na nilifurahi kila ilipoanguka tena. Kabla ya kuondoka Profesa alitangaza enzi ya mwisho, akaiita Enzi ya Hodi, akasema itaendelea baada yake kwa kuwa hakuna mfalme mwingine wa kuibadilisha. Kuhusu swali lake la miaka yote, aliniambia siku ya kufunga maboksi kwamba anadhani sasa anajua kwa nini makamanda walirudi kwenye pazia lile. Walikuwa wamechukua kila kitu kwa nguvu, na mtu aliyechukua kila kitu kwa nguvu hana mahali popote duniani alipokaribishwa. Hakuwa na mkono wa kuliandika hilo, nami sikuwa na elimu ya kujua kama ni kweli. Nimelitunza tu.

Nilimtembelea huko alikohamia mara moja, mwanzoni mwa Juni. Ni mahali safi, watu wema. Milango ya vyumba huachwa wazi ili wauguzi waone ndani, nao huingia na kutoka na vikapu vyao bila kusimama, kama nilivyokuja kufanya mimi mwenyewe miaka mingi baadaye kazini, maana kazi ndiyo inavyotaka. Profesa alikuwa amelala ameelekea ukuta. Nikasimama kwenye kizingiti cha mlango uliokuwa wazi, nikasema hodi. Hakujibu. Nikarudia, mabega yake yakasogea kidogo, au nilidhani yamesogea. Nikasema mara ya tatu, nikangoja watu wakinipita. Kisha nikarudi nilikotoka, kwa sababu hiyo ndiyo heshima niliyomfundisha, na nikifikiri nitakuja wiki nyingine. Alifariki kabla ya wiki hiyo. Mpaka leo sijui kama alinikatalia, au hakunisikia, au alikuwa akikusanya pumzi ya kunijibu. Nimelea watoto, nimemzika mume, nimefanya kazi hadi nikastaafu, na bado kuna siku najikuta nimesimama kwenye mlango ule.

Jumapili iliyopita niliwasikia Sharon na Dennis jikoni kwangu. Nyumba hii ni mpya kuliko ile, lakini hakuna pazia linalozuia sauti. Walikuwa wanaongea Kiingereza chao cha haraka, habari za kuuza nyumba, habari za chumba cha chini kwa Sharon, chenye bafu lake. Walikuwa wanaongea kwa huruma. Dennis akauliza nani ataniambia. Sharon akasema, "Mom will be fine with it," yaani sitakuwa na neno, na nikasikia bomba la sinki likifunguliwa. Nilihisi hasira, na chini ya hasira hofu, na chini ya hofu nikamwona Elaine amelaza uso kwenye usukani. Pazia likavutwa. Sharon akaingia na glasi ya maji na vidonge, tabasamu tayari usoni, macho mekundu.

"Rudi nje," nikamwambia.

"Mom, it's just me."

"Najua ni wewe. Rudi nje, ubishe hodi."

Aliniangalia kama anayepima kama nina homa. Kisha akarudi nje na glasi yake, pazia likashuka kati yetu, nikaona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. "Hodi," akasema, kwa lafudhi yake ya Kimarekani. Nikataka kujibu na sauti haikuja. Hivi ndivyo ilivyo kwa ndani, kumbe, kifua kinajaa na hakuna neno linalopenya. Akasema tena, hodi. Dennis akauliza kitu kutoka jikoni, akamnyamazisha. Akasema mara ya tatu, nami nikatazama vile vidole, nikijua vitageuka sasa, kwa sababu ndivyo ulivyo utaratibu na ndivyo nilivyogeuka mimi. Lakini utaratibu huo sikuwahi kumfundisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baada ya mara tatu mtu huondoka.

"Hodi, Mami," akasema mara ya nne, na alikuwa bado amesimama pale nilipopata pumzi ya kumkaribisha.